Shingo ya Dereva

Dereva wa lori hageuzi shingo, huangalia kioo. Hata ugenini, walipotoka kuuzunguka mji wa watu, mzee, dereva wa miaka mingi, alitangulia mbele akimchungulia mkewe kwenye vioo vya maduka. Akiona kile kitambaa chake cha njano kinafuata, anakaza mwendo. Moyoni anajisifu: mama yupo, safari njema!

Wakafika kwenye ukuta mrefu wa mawe usio na duka wala dirisha. Ulipoishia, kioo cha kwanza kilimwonyesha watu wengine tu. Jasho jembamba likamtoka. Nimempoteza mtoto wa watu, na lugha ya hapa hatuijui! Akarudi mbio, anahema kama injini mbovu.

Alimkuta kwenye benchi pale ukuta unapoanzia, mkoba mapajani, ametulia tuli.

"Mama, umechoka? Mbona hukuniita?"

"Sijachoka," mkewe alisema bila kumtazama. "Nilitaka kuona kama na wewe huwa unageuka."

"Si nimerudi, jamani?"

"Umerudi, ndiyo. Lakini mpaka uambiwe na kioo kwamba sipo."