Seva Iliyofumiwa Kitambaa

Siku yangu ya kwanza kama msimamizi wa masomo ya mtandaoni katika chuo cha ualimu kule Nyamira, Mkuu wa Chuo alinionyesha sanduku la chuma juu ya meza. "Madam Halima," akasema, "hii ndiyo chuo yetu ya mtandao. Isilale."

Programu yetu ya masomo ilikuwa huria, yaani yeyote huichukua bure na kuirekebisha apendavyo. Lakini vijana, msidanganywe na hiyo bure. Programu lazima ikae ndani ya seva, kompyuta isiyozimwa, na seva ina malezi yake. Ama uiweke ofisini uhangaike na stima, ama ukodi nafasi kwa kampuni inayofanya kazi hiyo. Mimi nilitaka tukodi. Mkuu akakataa katakata.

"Kitu ya chuo tupeleke kwa watu hatujui boma yao? Apana. Ikae hapa nikiiona."

Ikakaa. Wanafunzi wetu walikuwa walimu waliosoma bila kuacha kazi. Asubuhi ya mtihani wa mwisho nilikuwa Ogembo nikiwasaidia wa huko, mara skrini zote zikaganda. Simu ikalia. Alikuwa Mwalimu Moraa, mwanafunzi wetu aliyefanyia mtihani mji wa Tabaka.

"Madam, nimesoma mwaka mzima na mtoto mgongoni. Majibu yangu ikipotea, nirudie?"

Nikamwambia asiondoke kwenye kiti.

Nilirudi chuoni mbio, nikamkuta karani wetu, Mama Kerubo, akiipepea seva kwa gazeti. Alikuwa ameifumia kitambaa cheupe chenye maua, kama cha redio ya sebuleni, akaifunika mpaka matundu yake ya hewa. Ilikuwa moto kama kikaango.

"Woi, Madam! Nyamira ni baridi. Nilionea hii kitu huruma."

Hasira yote iliniishia kwa kicheko. Ilipopoa nikaiwasha. Programu ile huhifadhi kila jibu mtu anapofungua ukurasa mwingine, kwa hiyo majibu yote yalikuwemo. Nikampigia Moraa aendelee alipoachia, akapiga vigelegele darasani.

Mkuu alikohoa mlangoni. "Hao watu wa kukodi, wanaweza anza lini?"

Kampuni ikabeba joto, stima na nakala za akiba. Mimi nikabaki na watu: waliosahau nywila zao za kuingilia, walioogopa kubonyeza, waliotaka tu kuambiwa hawajaharibu kitu. Hiyo ndiyo kazi niliyoipenda hadi nikastaafu.

Kiti changu leo anakikalia Moraa. Nasikia siku ya mtihani hanywi hata chai, asije akaiacha simu ikilia.