Moto wa Matanga

Leo muuza duka wa mtaa wa Himbi alipofungua dumu la mafuta ya taa, harufu yake ilinirudisha uani kwetu, siku ile ya ajali. Ndege ndogo iliyombeba papa, baba yangu, ilikuwa imegonga mlima na kuungua. Majirani walileta kuni za matanga. Kwetu, moto huo ukishawaka, mmekubali kwamba mtu wenu amekufa. Walipozimwagia kuni mafuta, mama aliketi juu ya kuni hizo.

“Mama, toka hapo,” muzee mmoja alimsihi. “Hakuna mutu mwenye alipona.”

“Mulimuona yeye?”

“Tuliona ndege.”

“Basi murudishe viti vyenu. Hapa hakuna matanga.”

Mvua ikaanza. Mama, bado ameketi pale, aliniambia nianue shati la papa, asije akakosa la kuvaa kesho.