Unga wa Kaari Barabarani

"Nani amewatuma mguse gari yangu? Nani?" Kaari alikuwa ameushikilia mlango wa pikapu kwa mikono miwili, na vijana watatu wa Karurumo tayari wamekunja mikono ya mashati waisukume. "Mtu agongwe, halafu mfute mahali alipogongewa! Huo ni msaada gani?"

"Mathe, si tunakusaidia tu."

"Sijaitisha."

Mimi nilikuwa bado kwenye kiti cha abiria, napapasa meno yangu kwa ulimi. Yalikuwepo yote. Tulitoka Kibirichia asubuhi na magunia ya viazi ya wateja wetu wa upande wa Runyenjes. Hapo Karurumo, kijana mmoja anayeitwa Njoka, mwenye gari dogo jeupe, akaamua kuupita mkokoteni wa maji bila kuangalia mbele. Akatuingilia upande wetu. Mwenye mkokoteni kuona mambo, akajiondokea na mitungi yake, hatukumwona tena.

Na Njoka ni mtoto wa hapo. Kila aliyekuja kutazama alimjua kwa jina. Sisi tulijulikana kwa viazi.

"Mama, hakuna aliyeumia," Njoka akasema. "Tutoe magari, tuelewane kama watu wa kanisa."

"Ya kanisa tutaongea Jumapili. Leo tunangoja polisi."

Wasiomjua Kaari humwita mgumu. Mimi ni jirani yake tangu aolewe. Mumewe alipofariki, mashemeji walimwambia auze pikapu, eti mwanamke hawezi kuendesha mzigo. Akajifunzia humo humo shambani, akang'oa mistari miwili ya viazi kwa magurudumu, akaipanda upya, akaendelea. Pikapu hiyo ndiyo imesomesha watoto wake. Sasa, ikisemekana yeye ndiye aliyeacha upande wake, bima ya Njoka haingemtengenezea hata taa, na viazi vyake vingeozea Kibirichia.

Ndipo msafara wa mazishi ukafika. Gari la maiti mbele, mabasi nyuma, honi kila mahali.

"Sasa unazuia hata marehemu!" mtu akapaza sauti. Hapo hata mimi niliona haya.

Kaari aliingia duka la Wambeti lililokuwa hapo kando, akatoka na pakiti ya unga wa mahindi. "Nitalipa!" alimwambia Wambeti bila kugeuka. Akaipasua kwa meno, akainama, akazungushia unga kila gurudumu, la kwake na la Njoka, mstari mnene, huku honi zikimlilia mgongoni.

"Kagwiria, shuka upige picha. Sogea karibu. Sasa rudi nyuma, barabara yote ionekane pamoja na duka. Nambari za magari umepata?" Nilipomwonyesha, akawageukia vijana. "Haya, sukumeni."

Marehemu akapita. Kisha wakaja kuku.

Kuku wa Karurumo hawajui ushahidi. Nilivua leso, mwanamke mzima, nikawa nafukuza kuku barabarani na watu wakicheka mpaka wanashikana.

"Kaari, si niwaache tu?"

"Waache, halafu ubebe viazi kwa mgongo mpaka nyumbani."

Nikaendelea kufukuza.

Askari alipofika, Njoka alimweleza kwa sauti ya maombi kwamba mama huyu alikuwa katikati ya barabara. Kaari alionyesha chini. Magari yalikuwa yamekanyaga alama nyingine, lakini za karibu na ukingo zilibaki, zote upande wetu, na moja ilikuwa ya Njoka. Askari akaitazama, akazitazama zile picha, akapima, akachora.

"Kijana, gurudumu lako lilikuwa likitafuta nini huku?"



Mimi nilidhani tumemaliza. Thubutu! Tulienda kituoni tukaandikisha, Kaari akachukua nambari ya OB, ile ya daftari la polisi, kisha akashika njia ya hospitali.

"Mimi siumwi," nikamwambia.

"Ajali hulala na wewe leo, ikaamka na wewe kesho."

Kesho yake shingo ilikataa kugeuka. Bahati nzuri daktari alikuwa ameshaandika kila kitu.

Bima ililipa. Pikapu ilipotoka gereji, safari ya kwanza tulisimama kwa Wambeti. Kaari akaweka pakiti mpya ya unga juu ya meza. Wambeti akamrudishia.

"Hilo deni lililipwa."

"Na nani?"

"Njoka. Alikuja peke yake, akaacha pesa, akasema ni za unga wa yule mama."

"Hakusema kingine?"

"Kingine gani, na hata kuniangalia alishindwa?"

Kaari aliuchukua ule unga, akaubana kwapani.

"Mwambie yameisha," akasema, akaenda kuwasha gari.