Kisima Kando ya Ziwa

Nilikuwa natimiza mwaka wa pili Naivasha, muda mrefu kuliko niliowahi kukaa mahali popote tangu nimalize kidato cha nne. Miguu yangu haijui kutulia. Lakini nyumba niliyopanga ilikuwa na chumba cha pili, na nilikuwa nimekata shauri kumhamishia mama yangu huko. Kwetu Kanyangi kiangazi kilikuwa kimeshusha maji chini sana ya mchanga wa mto. Kisima chake kilikuwa kimemfika mabegani, na mikono yake haikuwa tena ya kuchimba.

Alikubali kuja, lakini kwa sharti. "Kutazama si kuhama," alisema.

Asubuhi nilimpeleka ziwani. Maji yalipotokea nikanyamaza ili yajisemee yenyewe. Akaegemea fimbo yake, akatazama kutoka kwenye mafunjo hadi milima ya ng'ambo.

"Ni silanga kubwa," akasema.

Silanga ni bwawa la udongo tunalochimbia mifugo.

"Mwaitu," nikamwambia, kwani ndivyo tunavyomwita mama, "hili halikauki."

"Nimeona. Sasa nionje."

Akatoa kata ya kibuyu mkobani, akapiga magoti hatua chache kutoka ukingoni, akaanza kuchimba. Nilitaka kumzuia, halafu nikakumbuka. Kwetu maji ya wazi ni ya ng'ombe. Ya mtu huchimbwa mchangani, na yale ya kwanza humwagwa.

Mwenye mashua aliyekuwa akingojea wateja akasogea. "Shosho," akamwita, yaani bibi, "umepoteza nini?"

"Natafuta maji ya kunywa."

"Na hayo mbele yako?"

"Hayo mmeyaoga wewe na viboko."

"Viboko wanaoga kila siku, shosho. Mimi ni Jumamosi tu."

Mama alicheka, ila mkono haukusimama. Maji yakapanda shimoni, meusi. Akayamwaga, akangoja. Yakapanda tena, meusi vilevile. Akayanusa, akaisuuza kata ziwani, akaifuta kwa leso.

"Udongo huu hauchuji," akasema.

"Hakuna haja ya kuchimba. Nyumbani kuna mfereji."

"Wa nani?"

"Wa mwenye nyumba."

"Akiufunga?"

Nikamwambia basi kwamba sitamwacha arudi kwenye lile shimo la Kanyangi, lingeweza kumwangukia na asijue mtu. Nilisema kwa ukali kidogo. Akaninyooshea mkono nimwinue, na aliposimama hakuniachilia.

"Kama shida ni mikono yangu," akasema, "wewe unayo miwili."

Njia nzima ya kurudi nilitafuta la kumjibu. Jioni nikamwambia mwenye nyumba atafute mpangaji mwingine.

Sasa niko Kanyangi, ndani ya kisima chake, mchanga umenipita kichwa. Nimekata ngazi upande mmoja na kuegemeza matawi ya miiba juu ili mbuzi wasitumbukie. Mama amekaa ukingoni na kata yake, ananielekeza kana kwamba nimekuja duniani jana. "Usikanyage pembeni. Panua chini kwanza."

Ziwa nalikumbuka, hasa asubuhi. Barabara nazo zinaniita, kama kawaida yake. Lakini mvua haijanyesha, na mpaka inyeshe sitoki hapa.

Leo maji ya kwanza yamekuja na mchanga. Nikayamwaga, nikangoja, nikajaza kata, nikamnyooshea juu.

Akanywa yote. "Chimba zaidi," akasema.