Maji Yalipotuama

Kabla ya kupigilia mbao sebuleni kwetu Kiwalani, fundi alimwaga maji kwenye sakafu ya saruji ili aone palipobonyea. Sakafu ile niliisakafia mwenyewe tulipohamia, na nilijivunia sana. Nikachuchumaa nione maji yataelekea wapi. Yakatuama karibu na dirisha, pale pale mke wangu alipokuwa akiweka stuli yake ya kushonea.

"Hapa pamezama," alikuwa akiniambia.

"Stuli yako ndiyo mbovu," nilikuwa namjibu. Mara mbili niliipunguza miguu.

Nikamwambia fundi kwamba mke wangu alilijua bonde lile miaka mingi.

"Basi muite, mzee, atuonyeshe na mengine. Tusipoyajaza, mbao zitalia kila ukikanyaga."

"Alifariki mwezi wa nne."

"Pole sana, mzee," alisema, akachora kwa chaki kuzunguka maji.

Nikakumbuka kuwa mke wangu alipalalamikia na mlangoni, nami nikamcheka. Nikajaza ndoo, nikamwaga mwenyewe. Maji yalitembea kidogo, yakasimama.

"Chora na hapa," nilimwambia fundi.