Vidonge Alivyomgawia Wifi Yake

Wateja walimwita Bi Pindo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona pindo lake limekwenda upande. Alishona sare za shule. Chumba chake cha kazi kilikuwa na cherehani mbili zilizotazamana, moja yake na nyingine ya wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume. Bi Pindo alikata na kushona mashati na makoti, wifi akawa na marinda ya sketi, vifungo na kupiga pasi. Walikaa hivyo miaka kumi na mmoja, na sijui ni siku gani waliwahi kushona bila kupiga soga.

Miaka mitatu kabla ya haya ninayosimulia, Bi Pindo aliugua ugonjwa ambao mwanzoni haukuonekana kama ugonjwa. Alichoka tu. Alilala amechoka, akaamka amechoka zaidi. Alinenepa ilhali chakula hakimpandi, akavaa sweta wakati wenzake wanajipepea kwa vipande vya kitambaa, na sauti ikawa nzito kama ya mtu mwenye mafua. Siku moja alishona mkono wa kushoto wa koti mahali pa mkono wa kulia. Akafumua, akaushona tena palepale. Watu wakasema amebweteka. Wifi ndiye aliyemshika mkono na kumpeleka hospitali.

Walimpima damu, wakakuta tezi ya shingoni, ile iitwayo thairoidi, inafanya kazi kwa kusuasua. Daktari, mama mmoja mwembamba ambaye hakuweza kueleza jambo bila kalamu, alimchorea kwenye karatasi.

"Ubongo unatuma homoni ya kuihimiza tezi ifanye kazi. Tezi ikilegea, ubongo unazidi kuihimiza. Hiyo homoni ya kuhimiza ndiyo tunayoipima, pamoja na ile ambayo tezi yenyewe inatoa. Kwako ya kwanza iko juu sana, ya pili iko chini."

Akamwanzishia dozi ndogo: kidonge kimoja asubuhi, tumbo likiwa tupu, kwa maji na si kwa chai. Baada ya wiki sita alipimwa tena, dozi ikapanda. Wiki nyingine sita, ikapanda kidogo. Safari moja ilizidi, ikabidi ishuke. Karibu mwaka mzima ulipita kabla ya kupata kiasi kinachomfaa.

Aliporudi kuwa mtu, akajipa na udaktari. Mteja akitamka tu kwamba amechoka, basi ajue hatoki pale bila kusikia habari za tezi.

"Wifi," mwenzake alimtania, "wewe siku hizi hata paka akilala unamtafutia hospitali."

Wakacheka wote wawili.

Halafu wifi naye akaanza kuchoka. Aliacha marinda katikati akalaza kichwa mezani. Alilalamika baridi, na nywele zikawa zinabaki kwenye kitana.

"Hiyo ni tezi," Bi Pindo alisema, wala hakuinua macho kwenye mshono. "Naijua kama ninavyolijua jina langu."

"Basi niende nikapime?"

"Ukapange foleni siku nzima uambiwe hayahaya? Na shule zinafungua wiki ijayo? Dawa ninayo kwenye mkoba."

Alikuwa amepewa vidonge vya miezi mitatu. Akafunga vya kutosha kwenye kipande cha karatasi, akamsukumia juu ya meza.

Wifi alivitazama. "Lakini wewe si walikupima kwanza? Dozi yako si walikutafutia wewe?"

"Ah, wifi! Sketi yangu si inakuenea? Na dawa itakuenea."

Akacheka peke yake. Wifi akaviweka mkobani, na kesho yake akaanza kumeza. Bi Pindo, ili visiishe kabla ya tarehe ya kliniki, akawa anameza siku moja, anaruka moja. Hilo hakumwambia mtu.

Wiki ya kwanza wifi alisema anajisikia mwepesi. Ya tatu, mikono ilianza kumtetemeka hata akashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Ya tano, alisema moyo unamwenda mbio akiwa ameketi tu, na usingizi umemkimbia.

"Vumilia, mwili unaizoea," Bi Pindo alimwambia. "Hata mimi ilinianza hivyo."

Haikuwa kweli. Moyo wake haukuwahi kumwenda mbio hata siku moja.

Asubuhi moja wifi alikuwa akipiga pasi shati jeupe. Bi Pindo alisikia kishindo, akageuka, akamkuta chini, pasi imeachwa juu ya shati, moshi unatoka. Yeye na fundi viatu wa mlango wa pili walimbeba hadi kwenye teksi.

Hospitali walimkuta daktari yuleyule. Alimsikiliza wifi moyo, akaagiza vipimo, akauliza, "Kuna dawa yoyote unatumia?"

Wifi alimtupia Bi Pindo jicho, kisha akatazama ukuta. "Hapana."

Alikuwa akimstahi. Bi Pindo alilijua hilo, na bado alinyamaza. Alijishughulisha na mkoba wake, akaufungua na kuufunga, kama mtu anayetafuta kitu.

Majibu yalipotoka, mdogo wake alikuwa ameshafika, amesimama kando ya kitanda cha mkewe. Daktari alisoma karatasi akakunja uso.

"Damu yako imepungua sana, huna madini ya chuma ya kutosha. Bila shaka huo ndio uchovu ulioanza nao. Lakini kuna jambo jingine. Inaonekana tezi yako inafanya kazi kupita kiasi. Itabidi tuichunguze zaidi, pengine tuanze dawa ya kuituliza."

"Daktari," Bi Pindo alisema. Akaufunga mkoba, akasogea kitandani. "Daktari, usimpe dawa nyingine. Ni mimi. Nimekuwa nikimpa vidonge vyangu."

Mdogo wake akasema neno moja tu: "Dada?"

Daktari hakugomba, na ingekuwa afadhali angegomba. Alichukua kalamu, akaiweka chini bila kuchora. "Ile dozi niliitafuta kwa mwili wako, kwa uzito wako, kwa tezi yako ilivyochoka. Yake ilikuwa nzima. Na moyo wa mtu asiye na damu ya kutosha tayari unafanya kazi ya ziada." Kisha akamtazama vizuri. "Na wewe ulikuwa unameza nini?"

Ikabidi aseme na hilo. Siku hiyohiyo akatolewa damu, na homoni ya kuhimiza ikakutwa imepanda tena.

"Ungekuja kliniki kimyakimya, ningekuongezea dozi," daktari alisema. "Ningeamini ile haikutoshi."

Bi Pindo alitembea kwa miguu hadi nyumbani, akipita njia za nyuma ili asikutane na wateja.

Wifi aliacha vile vidonge, akapewa vya kuongeza damu. Alipopimwa tena baada ya wiki sita, tezi yake ilikutwa haina kasoro. Kabla wifi hajarudi kazini, Bi Pindo alikwenda kwao kumwomba radhi. Aliketi kwenye ukingo wa kiti, maneno aliyoyapanga njiani yote yamempotea, akabaki kusema, "Nisamehe, wifi. Nisamehe."

"Hujaniua," wifi alisema. Alikuwa akikunja nguo za watoto, na hakuacha kukunja. "Na hospitali mimi mwenyewe nilisema hapana. Lakini nilikuuliza, wifi. Nilikuuliza, ukanicheka."

Bi Pindo alichukua nguo moja kwenye lile rundo, akasaidia kukunja.

Sasa wamerudi kwenye cherehani zao, wanazungumza na hata kucheka. Bi Pindo anameza kidonge chake kila asubuhi na haruki siku. Mteja akitaja uchovu, anainama kwenye mshono na kuacha wengine wajibu. Na hadi leo wifi akiumwa kichwa, hamwambii Bi Pindo mpaka awe ameshapona.