Hedifoni Zisizouma

Masikio yangu ni madogo. Mama mzazi alizoea kusema nilizaliwa na masikio ya panya, ndiyo maana neno haliingii. Sikuwahi kuyafikiria mpaka nilipoolewa Ibaba, kijiji cha milimani Ileje, na kwa mara ya kwanza maishani nikawa na haja kubwa ya kuyaziba.

Nimekulia Tunduma, kwa wazazi waliotoka Singida kufuata biashara ya mpakani. Tunduma kuna kelele usiku na mchana: honi za malori, wabadilisha fedha, walevi wa nchi mbili. Lakini kelele za mjini hazimhusu mtu, zinakupita tu. Kule juu Ileje ni kimya, ukungu na mvua, na ndani ya kimya kile kulikuwa na sauti moja, ya mama mkwe, ambayo ilinihusu mimi peke yangu.

Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya kwenda Zambia na Kongo. Alinioa, akanifikisha kwao nilime viazi na pareto, akarudi kwenye usukani, akawa anakuja kulala siku mbili tatu kati ya safari. Aliniachia simu ya Kichina yenye memori kadi iliyojaa nyimbo, maana wakati ule simu hizo zilikuwa zimezagaa mpakani kama nyanya za msimu. Mwaka wa kwanza ukapita sijashika mimba. Wa pili ukaanza. Mama mkwe hakuwahi kunipiga, hakuwa na haja hiyo. Asubuhi alikuwa akiwamwagia kuku mahindi, mimi niko jikoni namsikia vizuri, anawaambia: "Kuleni, kuleni. Ninyi angalau mnataga."

Watu husema maneno matupu hayavunji mfupa. Waliosema hivyo hawakukaa nyumba moja na mama mkwe wangu.

Basi nikaanza kutafuta hedifoni. Za kwanza zilikuja na simu yenyewe, zile za plastiki ngumu, duara kama kifungo cha koti. Tundu la sikio langu halikuzitaka. Nikiinama kupalilia zinachomoka, nikizisukuma kwa nguvu zinauma mpaka kwenye taya. Nikazizungushia pamba niliyoitoa kwenye godoro. Zikakaa wiki mbili, kisha sikio la kushoto likaanza kutoa usaha. Mama mkwe aliponiona nimelishika kwa kiganja, aliniuliza kulikoni, akachungulia, akacheka kweli kweli. Akasema ameona mengi, lakini mwanamke ambaye sikio lake linaoza kabla tumbo halijazaa, ndiyo kwanza anamwona.

Nilipoteremka Tunduma kusalimia wazazi nilinunua za pili, za utepe wa chuma unaopita juu ya kichwa, zenye sponji. Hizo hazikuingia ndani ya sikio, zililibana kwa nje. Ukivaa kilemba juu yake, na mke wa mtu kule hatembei kichwa wazi, ule utepe unakukandamiza utosini hadi unatamani kutapika. Sponji zenyewe ziliisha kwa jasho, nikabaki na bati linalokwaruza. Za tatu zilikuwa na ndoana ya kupachika nyuma ya sikio. Zilinichana ngozi. Muuzaji alikuwa ameniapia kwamba hata mtoto mchanga anaweza kulala nazo, na sijui mtoto wake alikuwa wa mbao au wa nini.

Nilikuwa nazivaa hivyo hivyo. Kila mtu huchagua maumivu anayoyaweza.

Sasa lazima niseme habari za baba mkwe, kwa sababu yeye ndiye aliyeniletea zile zilizonikaa. Kwa Wandali wa zamani, kabila la mume wangu, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hamwangalii usoni, hamtaji jina, hasemi naye, hata chumba kimoja hawakai. Wakikaribiana njiani, mwanamke anatoka pembeni, anampa mgongo, anachutama mpaka mzee apite. Wengi walikuwa wameshaziacha mila hizo, kanisani zilikuwa zikisemwa vibaya, lakini mzee wangu alikuwa ameikumbatia ya kwake kama mtu aliyeshika nguzo nyumba ikianguka. Ili nisije nikamfumania, alikuwa akikohoa kabla ya kufika popote: kwenye kona ya njia, mlangoni, nyuma ya zizi. Miaka miwili niliishi na mtu ambaye sikumjua sura. Nilimjua kwa kikohozi na kwa visigino.

Nilimlalamikia mume wangu kwenye simu kuhusu masikio. Alinihurumia, nakiri hivyo. Siku moja mzee aliteremka Tunduma kuuza maharage, akaonana na mwanawe, na jioni mume wangu akanipigia kwamba amempa mzee kifurushi changu. Mzee alifika kesho yake mama mkwe akiwa kanisani. Nilisikia kikohozi uani. Nikageukia ukuta wa jikoni. Nilipotoka, mzee alikuwa ameshapita, na juu ya kinu kilichofudikizwa kulikuwa na mfuko mweusi wa nailoni. Hakuna mwingine aliyeona. Mashahidi tulikuwa wawili, mimi na mtu nisiyeruhusiwa kusema naye.

Ndani kulikuwa na hedifoni zenye ncha za mpira laini, na kimfuko chenye ncha nyingine za ziada, ndogo na kubwa. Nilipachika zile ndogo kabisa. Ziliingia kama zilipimwa kwangu. Hazikuuma, hazikuchomoka, hata uzito wake sikuusikia. Na dunia yote ikazimika. Mvua juu ya bati ikazimika. Mama mkwe alirudi kutoka kanisani, akasimama mlangoni akaongea, nikaona mdomo wake unakwenda huku na huku kama mbuzi anayetafuna, na sauti haipo. Nilifurahi mpaka nikaogopa furaha yangu. Nikawa naitikia "ndiyo, mama" kila mdomo unapotulia, na kazi zinakwenda.

Na mwezi ule ule nikakosa siku zangu. Uliofuata nikakosa tena. Sikumwambia mtu. Nilitaka mume wangu awe wa kwanza kujua, ana kwa ana, si kwenye simu inayokatika. Tena nilijua wazi kwamba nikishasema, mimba si yangu tena. Kule mtoto ni wa ukoo; mama ni mlango tu aliopitia. Nikaona niwe nayo peke yangu kwa siku chache, pamoja na nyimbo zangu.

Asubuhi moja nilikuwa natoka mtoni na ndoo kichwani, hedifoni masikioni, kitenge kimezifunika. Njia ile ni nyembamba, upande mmoja kichaka, upande mwingine ukingo unaoshuka kwenye shamba la viazi. Mzee alikuwa anakuja na jembe begani. Baadaye ilisemekana alikohoa kwenye kona, nikazidi kuja. Akakohoa tena, nikazidi kuja, tena nikiimba. Mzee hakuwa na pa kugeukia. Mila ilikuwa inataka mmoja wetu atoke njiani, na kwa kuwa mimi sikutoka, akatoka yeye. Akaruka ukingoni.

Mimi niliona kofia tu, katikati ya njia. Nikachomoa hedifoni moja, ndipo nikasikia mtu analia chini kule.

Alikuwa amelala kwenye matuta, mguu umekunjika mahali pasipo na goti. Nilitua ndoo nikaanza kuteremka. Akaninyooshea mkono, akanifukuza kwa vidole, hivi, kama unavyofukuza kuku kwenye nafaka. Nilipiga hatua nyingine, akafunika uso kwa mikono miwili akazidi kulia. Aliona heri afie pale kuliko mke wa mwanawe amshike. Nikakimbia kumwita mama mkwe, na mzee akabaki kwenye matope muda wote huo kwa heshima zake.

Alifungwa plasta, akarudishwa nyumbani, akalazwa chumba cha mbele. Mume wangu akaitwa. Siku aliyofika hatukupata hata nafasi ya kusalimiana faraghani, wazee wa ukoo walikuwa wameshakaa. Mimi niliwekwa nje kwenye kibaraza, mgongo kwa mlango, kwa kuwa mgonjwa yuko ndani. Maswali yalikuwa yanapitia kwa mama mkwe, aliyekuwa amesimama kizingitini, naye alikuwa akiyaongezea chumvi kila yanapopita.

Hedifoni na kimfuko chake, ambavyo mama mkwe alinipokonya siku mzee alipoanguka, vilikuwa mezani mbele yao. Baba mkubwa, kaka yake mzee, ndiye aliyeongoza kikao. Alisema mwanamke ni mgeni, hajui njia, hawezi kuhukumiwa peke yake. Mkosaji hasa ni yule aliyemziba masikio. Huyo ndiye aliyeuvunja mguu wa mzee, awe mgeni au mtoto wa nyumba hii, na mzee akipona atajua la kumtamkia kwa kinywa chake. Pale kila mtu alielewa kuwa inazungumzwa laana ya baba. Nilitulia kabisa. Nilijua mume wangu atasema ni yeye, ataomba radhi, atatoa mbuzi, na jioni nitamwambia habari ya mtoto na yote yatasahauliwa.

Baba mkubwa akamuuliza: "Vitu hivi umempa wewe?"

Nilisikia benchi likilia chini ya mume wangu.

"Hapana," akasema. "Hata mimi ndiyo naviona leo. Sijui kapewa na nani."

Mama mkwe alivuta pumzi kwa raha, kama mtu aliyekalishwa kwenye jua. Mambo yote yakanijia kwa mpigo mmoja. Kama hazikutoka kwa mume wangu, basi yuko mwanaume mwingine. Na kama yuko mwanaume mwingine, basi tumbo langu, nikilitaja sasa, nitakuwa nimemtajia baba yake. Nilikuwa nimebakiwa na shahidi mmoja duniani, naye amelala hatua chache nyuma ya mgongo wangu.

Nikageuka. Nikasimama mlangoni nikamtazama usoni, mara ya kwanza katika ndoa yangu. Alikuwa na macho ya mume wangu. Nikasema, "Baba, ulizileta wewe mwenyewe, umepewa na mwanao. Uliziweka juu ya kinu. Waambie."

Hakuna aliyepiga kelele. Mmoja wa wazee aliinuka akatoka nje, hakutaka kuwa mahali pale. Mzee alinitazama, na najua alikumbuka, kwa sababu alimeza mate. Kisha akageuza kichwa kwa kaka yake, akasema kwa Kindali, maneno ambayo kufikia wakati huo nilishayajua vizuri: "Mwanangu hasemi uongo."

Hapo kesi ilikwisha. Hata suala la hedifoni halikuzungumzwa tena, maana kosa la kumsemesha mkwe lilikuwa limelifunika. Nikaambiwa nikusanye nguo zangu. Baba mkubwa alitaka zile hedifoni zichomwe moto, mume wangu akazitia mfukoni akasema atazichoma mwenyewe.

Ndiye aliyenisindikiza mpaka barabarani kusubiri lori la viazi linaloteremka Mpemba, njia ya Tunduma. Alibeba begi langu. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma. Alinieleza taratibu, kwa upole, kama unavyomfafanulia mtoto hesabu, kwamba kama ningenyamaza angenifuata Tunduma baada ya miezi michache na mambo yangekwisha. Sasa nimemharibia. "Nielewe," akasema. "Baba ni mmoja. Mke anaoleka."

Tulikaa juu ya magunia ya watu. Ukungu ulikuwa umeshuka, lori halionekani. Nadhani kunyamaza kwangu kulimchosha, maana alitoa zile hedifoni mfukoni, akachomoa ncha ndogo, akapachika kubwa kutoka kwenye kimfuko, akaziingiza masikioni na kuwasha simu yake. Alifumba macho. Nilimwona usoni kwamba zimemkaa.

Nikamwambia. Kwa sauti ya kawaida, kama nilivyokuwa nimepanga kumwambia jioni ile, kwamba nina mimba yake, ya miezi miwili, na kwamba nilikuwa nimemtunzia yeye habari hii kabla ya mtu yeyote.

Alifumbua macho akaona midomo yangu inakwenda. Akachomoa hedifoni moja.

"Umesemaje?"

Nilimtazama. Nikasikia mngurumo wa injini ukipanda kilima nyuma ya ukungu.

"Nimesema gari linakuja."